Je, Meno Mabovu Huenda kwa Ukoo?

Kwenye benchi la kusubiri la kliniki yoyote ya meno kuna kauli isiyokosekana: sisi ukoo wetu ndivyo tulivyo, meno hayadumu. Bibi alikuwa kibogoyo mapema, mama ana mapengo, na sasa mjukuu wa miaka mitano magego yake yameshatoboka. Basi ni damu. Mara nyingi mtaalamu huipita kauli hiyo na kuanza kuulizia pipi na mswaki, na mzazi huondoka akihisi kwamba amesomewa mashtaka. Mimi naona kauli ya mzazi inastahili kusikilizwa kuliko inavyosikilizwa, kwa sababu utafiti wa vinasaba wa zaidi ya miongo mitatu umeonyesha kwamba ina ukweli ndani yake. Ninachokipinga ni hitimisho linalofuata, kwamba kilichomo katika damu hakina dawa. Ushahidi ukisomwa taratibu unaelekea upande mwingine kabisa: jeni huathiri namna jino linavyostahimili mashambulizi, lakini ukubwa wa athari hiyo hutegemea mashambulizi yenyewe ni makali kiasi gani, na hayo hayarithiwi kupitia DNA.

Namna jino linavyooza si siri. Gamba lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa fuwele za kalsiamu na fosfati. Juu ya gamba hilo hujitanda utando laini wa bakteria, na baadhi yao, mashuhuri kuliko wote akiwa Streptococcus mutans, hutumia sukari na kutoa asidi. Asidi inaposhusha pH ya utando chini ya 5.5 hivi, madini huanza kuyeyuka kutoka kwenye enameli. Kisha mate huja kuidhoofisha asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea. Kutoa na kurudisha huku hutokea mara nyingi kwa siku katika kinywa cha kila mtu, na tundu ni dalili kwamba kwa miezi mingi utoaji umezidi urudishaji. Ukiwatazama wahusika mmoja mmoja unaona pa jeni kuingilia. Zipo jeni zinazoongoza ujenzi wa enameli. Zipo zinazoamua umbo la gego na kina cha mifereji yake. Zipo zinazohusika na wingi wa mate na protini zilizomo. Zipo za ladha, na zipo za kinga ya mwili. Ingeshangaza sana kama urithi usingekuwa na mkono wowote katika jambo hili.

Swali lenye maana basi ni mkono huo una nguvu kiasi gani, na chombo cha zamani cha kulijibu ni mapacha. Mapacha wanaofanana hutokana na yai moja na wana DNA karibu ile ile. Mapacha wasiofanana hushirikiana nusu hivi ya vinasaba vinavyotofautisha watu, kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wote hulelewa nyumba moja, hula chungu kimoja. Kwa hiyo mapacha wanaofanana wakifanana meno yao kuliko wale wasiofanana, ziada hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya jeni. Mwenye shaka atasema kwamba mapacha wanaofanana pia hulelewa kwa kufananishwa zaidi, huvalishwa sare na kupewa vitafunio vile vile. Hoja hiyo ni nzuri, na ndiyo inayoupa uzito utafiti uliochapishwa mwaka 1988 kutoka Minnesota, Marekani, uliowahusu mapacha waliotenganishwa utotoni na kukulia katika familia tofauti. Hata hao, wale wanaofanana walikuwa na hali za meno zinazokaribiana kuliko ambavyo bahati ingeweza kueleza. Hawakula meza moja, lakini vinywa vyao viliendelea kufanana.

Baadaye zilikuja tafiti za watoto. Katika mji wa Montes Claros nchini Brazil, watafiti waliwachunguza mapacha wadogo na kukuta sehemu kubwa ya tofauti za kuoza kwa meno yao inaelezeka kwa urithi. Katika eneo la Appalachia, kwenye majimbo ya West Virginia na Pennsylvania, ambako umaskini na matatizo ya meno vimekaa pamoja kwa vizazi, familia nzima nzima zilipimwa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2010 yalikadiria kwamba asilimia 54 hadi 70 ya tofauti za kuoza kwa meno ya utotoni zilitokana na jeni, na asilimia 35 hadi 55 kwa meno ya ukubwani. Hizi si tarakimu ndogo. Mtu akizisoma haraka anaweza kwenda kwenye lile benchi la kusubiri na kumwambia mama: ulikuwa sahihi, zaidi ya nusu ni damu.

Kisha ikaja Melbourne. Timu ya Murdoch Children's Research Institute iliandikisha kina mama 250 waliokuwa na mimba za mapacha, ikachukua taarifa zao tangu ujauzito, na watoto walipofika miaka sita ikachunguza meno ya jozi zaidi ya 170. Karibu theluthi moja ya watoto walikuwa na dalili za kuoza, na takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na uozo uliokwisha kukomaa. Lakini lililoshtua, matokeo yalipochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Pediatrics, ni kwamba mapacha wanaofanana hawakufanana meno kuliko wasiofanana. Ile ziada ambayo hesabu yote ya urithi huitegemea haikuonekana. Mambo yaliyojitokeza kuhusiana na uozo yalikuwa mawili: mtoto kukulia mahali ambapo maji ya bomba hayakuongezwa floraidi, na mama kuwa na unene uliopitiliza wakati wa ujauzito.

Msomaji wa magazeti aliona hapa ugomvi: wengine wanasema zaidi ya nusu ni jeni, wengine hawazioni. Mimi sioni ugomvi, naona tarakimu inayoeleweka vibaya. Kiwango cha urithi hakipimi jino la mtu. Kinapima tofauti kati ya watu wa kundi fulani, mahali fulani, wakati fulani, kisha kinauliza ni sehemu gani ya tofauti hizo inafuatana na tofauti za vinasaba. Panda mbegu mchanganyiko kwenye shamba lililosawazishwa rutuba na maji, na karibu tofauti yote ya urefu wa mimea itakuwa ya mbegu. Zipande mbegu zile zile nusu bondeni na nusu juu ya mwamba, na tofauti kubwa itakuwa ya ardhi, ingawa hakuna mbegu iliyobadilika. Pale watoto wote wanapokula sukari kwa kiasi kinachokaribiana na wote wanapata huduma zinazokaribiana, kinachobaki kuwatofautisha ni miili yao, na kiwango cha urithi hupanda. Pale ambapo mazingira yanatofautiana sana kutoka nyumba hadi nyumba, kiwango hicho hushuka. Kwa hiyo asilimia 70 ya mahali fulani haitangazi kwamba asilimia 30 tu ndiyo inayoweza kuzuilika. Tofauti inaweza kuwa ya kurithi kwa asilimia 100 na bado uozo wote ukatoweka siku sukari inapotoweka.

Mfano uliotokea kweli uko Tristan da Cunha, kisiwa cha mbali katika Atlantiki ya Kusini. Wakazi wake walitokana na waanzilishi wachache waliofika huko tangu 1816, wakaoana wao kwa wao, hivi kwamba kwa mtaalamu wa vinasaba kisiwa kizima ni kama ukoo mmoja. Madaktari waliokitembelea katika miaka ya 1930 walistaajabia meno ya watu waliokuwa wakiishi kwa viazi na samaki. Vita Kuu ya Pili ikaleta kituo cha wanamaji. Baada yake kikaja kiwanda cha kusindika kamba-mawe, mishahara, na duka lenye unga mweupe, sukari na peremende. Volkano ilipolipuka mwaka 1961 na wakazi 264 kuhamishiwa Uingereza, madaktari walipata nafasi ya kuwachunguza tena kwa utulivu, na meno yale mashuhuri yalikuwa yameshaharibika, hasa ya watoto na vijana. Ukoo ni ule ule. Miaka thelathini haitoshi kubadilisha jeni za kisiwa. Japani vita vilifanya jaribio hilo kinyumenyume: matumizi ya sukari kwa mtu yalianguka kutoka kilo 15 hivi kwa mwaka kabla ya vita hadi gramu 200 mwaka 1946, na uozo wa meno ya watoto ukaanguka nao, kabla ya kupanda tena sukari iliporudi.

Hapa kuna pingamizi ambalo haliwezi kukwepwa. Kama sukari ndiyo kila kitu, mbona kuna watoto wanaoshinda na pipi mdomoni na hawana tundu hata moja, na wengine wanaopigishwa mswaki asubuhi na jioni na bado wanalia usiku? Pingamizi hili ni la kweli. Hata katika jaribio la Vipeholm nchini Sweden, lililofanywa kati ya 1945 na 1953 kwa kuwalisha tofi wagonjwa wenye ulemavu wa akili wasioweza kukataa, jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelizuia siku ya kwanza, walikuwapo waliokula tofi hizo bila kupata uozo mpya. Watafiti wa Umeå, Sweden pia, wamewafuatilia watoto wa miaka 12 wakiangalia jeni za PRH1 na PRH2, zinazotengeneza protini fulani za mate ambazo bakteria huzikamata ili kushikilia kwenye jino. Walikuta kwamba kwa watoto wenye aina fulani za jeni hizo, uozo haukufuatana na usafi na ulaji kwa namna ile ile kama kwa wengine. Kwa hiyo siitetei hoja kwamba vinywa vyote ni sawa. Havilingani hata kidogo, na mzazi aliyejitahidi akaambulia magego matatu yaliyotoboka hastahili mahubiri. Ninachosema ni kwamba tofauti hii hujitokeza chini ya mvua ya sukari. Pale Tristan ya mwaka 1932 bila shaka walikuwapo wenye enameli nyembamba na wenye nene, wenye mate mengi na machache, lakini hakuna aliyewajua, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuwafichua.

Msako wa jeni zenyewe umetoa picha inayokubaliana na hilo. Mwanzoni wanasayansi waliwekea matumaini jeni zinazojulikana kujenga enameli, kama AMELX na ENAM. Matumaini yalikuwa na msingi, kwa sababu jeni hizi zinapoharibika kabisa huleta ugonjwa adimu ambao mtoto huota meno yenye gamba jembamba au laini, ya manjano au ya kahawia. Lakini ugonjwa adimu hauelezi uozo wa mamilioni. Mwaka 2018 muungano wa watafiti wa nchi mbalimbali ulikusanya data za watoto zaidi ya 19,000 wenye umri kati ya miaka miwili na nusu na 18, ukapekua vinasaba vyao vyote bila kuchagua pa kuanzia. Kutoka katika bahari hiyo walivua sehemu mbili tu za DNA zenye ushahidi wa kutosha, moja ikihusiana na meno ya utotoni, nyingine na ya ukubwani. Mwaka uliofuata kazi kubwa zaidi ya watu wazima, iliyotumia pia majibu ya mamia ya maelfu ya Waingereza kwenye hifadhi ya UK Biobank, ilifikisha 47, kila moja ikiwa na athari ndogo sana. Hakuna jeni ya meno mabovu. Kuna mamia ya vijisababu, vingi havijajulikana.

Katika kazi ile ya watoto kuna tarakimu ambazo hazikutangazwa sana, na kwangu zina uzito kuliko majina ya jeni. Watafiti walipochanganya data zote za nchi zote, kiwango cha urithi walichokipata kilikuwa asilimia 1 tu kwa meno ya utotoni na 6 kwa meno ya ukubwani. Walipokikadiria ndani ya kundi moja la utafiti kwa wakati, kilipanda hadi takriban asilimia 28 na 17. Sehemu ya pengo hilo huenda ni ya kiufundi, kwa kuwa madaktari tofauti hupima uozo kwa njia tofauti, na makadirio yenyewe yana upana mkubwa wa makosa. Lakini maelezo mengine ndiyo yale yale ya Tristan: jeni inayomdhuru mtoto wa mji mmoja inaweza isimdhuru wa mji mwingine, kwa sababu wanakunywa maji tofauti na kula vyakula tofauti. Ukiziunganisha jamii hizo, athari hufutana. Jambo ambalo ukubwa wake hutegemea umesimama wapi haliwezi kuitwa hatima.

Wapo watakaoleta hoja ya bakteria. Je, si hao ndio wanaorithiwa? Ni kweli kwamba mtoto huzaliwa bila Streptococcus mutans na mara nyingi humpata kutoka kwa mama au mlezi, kwa kijiko kilichoonjwa au chakula kilichotafunwa. Huko ni kuambukizana, hata kama kwa macho kunafanana na ukoo. Na pale ambapo jeni za mtoto kweli huchagua bakteria wa kukaa naye, habari ni ya kutuliza. Utafiti wa mwaka 2017 wa jozi 485 za mapacha wa Australia wenye miaka 5 hadi 11 ulionyesha kwamba bakteria ambao uwepo wao hutegemea sana urithi hawakuhusiana na uozo wa meno. Wale waliohusiana nao walifuata zaidi sukari iliyoliwa. Hivyo familia ambayo watu wake wote wana mapengo inaweza kuwa imerithishana vitu vitatu vilivyosukwa pamoja: DNA, bakteria, na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari ikiteremshwa na andazi. Kwa nje havitenganishiki. Ndiyo maana ushahidi wa macho wa mzazi, hata ukiwa sahihi kabisa kuhusu nani alipoteza meno, hauwezi kusema ni kwa nini.

Hoja nyingine ni ya kijanja zaidi. Vipi kama hamu ya utamu yenyewe imo katika damu? Hapo hata sukari ingekuwa urithi. Kuna ukweli hapa pia. Jeni inayoitwa TAS2R38 huathiri uwezo wa ulimi kuhisi uchungu, na katika zile familia za Appalachia aina zake zilihusishwa na uozo wa meno ya utotoni. Inadhaniwa kwamba wanaohisi ladha kali zaidi hawavutiwi sana na vitu vitamu mno. Lakini mfano ulio wazi kuliko wote ni hali adimu iitwayo kutostahimili fruktosi kwa kurithi, iliyoelezwa na madaktari wa Uingereza mwaka 1956. Mtoto aliyeipata kwa baba na mama wote wawili ana hitilafu katika jeni ya ALDOB kwenye kromosomu ya 9, hivyo ini lake haliwezi kushughulikia fruktosi. Kwa kuwa sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoungana, akila pipi hutapika, hutokwa jasho, na akiendelea anaweza kupoteza ini au maisha. Watoto hawa hujifunza mapema kukataa kila kitu kitamu, matunda yakiwamo. Wali, viazi na ugali hula bila shida. Na meno yao? Walipochunguzwa, wengi walionekana kuwa na meno mazuri ajabu, baadhi bila tundu hata moja hadi ukubwani. Hii ndiyo jeni yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kuonyeshwa kumkinga mtu na uozo, na haigusi enameli, wala mate, wala bakteria. Inafanya kazi kwa kumwondolea mtu sukari mdomoni. Mtaalamu wa takwimu angeiandika upande wa urithi, na asingekosea; lakini mzazi yeyote mwenye jeni za kawaida anaweza kupata sehemu kubwa ya kinga hiyo kwa kubadilisha kinachouzwa kwenye duka la shule.

Kwetu Afrika Mashariki neno urithi lina mtego wa ziada, kwa kuwa dosari nyingi za enameli zinazoonekana kama za ukoo ni za mahali. Enameli ya meno ya utotoni huanza kujengwa tangu mwezi wa nne hivi wa mimba, na ya gego la kwanza la ukubwani karibu na siku ya kuzaliwa, ingawa gego lenyewe huota mtoto akiwa na miaka sita. Seli zinazoijenga hufa jino likishaota, kwa hiyo kosa la wakati huo halirekebishiki. Kuzaliwa kabla ya wakati, utapiamlo na magonjwa mazito ya utotoni vyote vinaweza kuacha alama, na kasoro hizo huwa mlango wa uozo baadaye. Desturi ya kuwang'oa watoto wachanga vichipukizi vya chonge, vinavyosingiziwa kuwa meno ya plastiki yanayoleta homa na kuharisha, huua watoto kwa maambukizi na kutokwa damu, na kwa wanaopona mara nyingi huharibu pia jino la ukubwani lililokuwa likijengwa chini yake. Dada na kaka wote wa nyumba moja wanaweza kuwa na dosari ya namna hiyo bila jeni kuhusika.

Floraidi ndiyo kisa kigumu zaidi, na kinastahili kuelezwa vizuri. Maji ya chemchemi na mito kuzunguka Mlima Meru, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa hadi Nakuru nchini Kenya, hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi yanayotumika kulainishia maharage huongeza nyingine. Mtoto anayekulia huko huota meno yenye mabaka ya kahawia, na familia nzima ikiwa nayo, mgeni atadhani ni ukoo. Kwa kiasi kidogo madini haya hulinda enameli. Kwa kiasi kikubwa huifanya iwe na vishimo na iwe rahisi kumeguka. Tanzania ina kituo cha Ngurdoto, Arusha, kinachoshughulikia kuyapunguza katika maji kwa kutumia mkaa wa mifupa. Hata hivyo jeni zinaingia humu humu. Katika maabara, panya wa nasaba moja waliokunywa maji yenye floraidi nyingi waliharibika meno haraka, huku wa nasaba nyingine waliokunywa kiasi kile kile wakibaki karibu salama. Hiyo ni sababu mojawapo ya watoto wa kijiji kimoja kutofautiana mabaka. Lakini ondoa floraidi hiyo kwenye maji, na tofauti ya damu kati yao haitaonekana tena.

Ikiwa mambo ni hivi, je, kipimo cha vinasaba kingemsaidia mtoto? Kampuni zinazouza vipimo vya DNA kwa njia ya posta tayari hutoa ushauri wa kila namna kuhusu mwili, na sioni sababu ya kudhani zitayaacha meno. Kwa mtoto wa Dodoma au Mombasa jibu langu kwa sasa ni hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, alama 47 zenye athari ndogo haziwezi kumwambia daktari kitu ambacho taa na kioo chake havimwambii. Uozo uliokwisha kuonekana kwenye meno ya mtoto, na meno ya mama yasiyotibiwa, hutabiri yajayo vizuri kuliko DNA. Pili, karibu data zote hizo zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa kuliko wote wa vinasaba vya binadamu, na alama zilizochaguliwa kwa Waingereza hupoteza sehemu ya uwezo wake zinapopimiwa watu wengine. Kumuuzia mzazi wa hapa matokeo hayo ni kumuuzia makisio ya watu wengine juu ya watu wengine.

Historia ya ukoo, kwa upande mwingine, ni bure, na ndipo kauli ya lile benchi inapopata kazi yake halisi. Mama akisema meno ya kwao hayadumu, anampa daktari taarifa ya hatari, hata kama hakuna kati yao anayejua ni kiasi gani cha hatari hiyo kinatoka kwenye DNA, kwenye kijiko au kwenye birika la chai. Mtoto wa nyumba hiyo aonwe mapema, afikapo mwaka mmoja, badala ya kusubiri maumivu. Asugue kwa dawa ya meno yenye floraidi tangu jino la kwanza linapoota, kiasi cha punje ya mchele hadi afike miaka mitatu, kisha cha punje ya njegere, isipokuwa pale ambapo maji yenyewe yana madini hayo kupita kiasi na ushauri wa daktari unatakiwa. Asilale na chupa ya maziwa au juisi. Vitu vitamu viliwe pamoja na mlo badala ya kudonolewa mchana kutwa, kwa kuwa kila dozi mpya ya sukari huanzisha upya ile kazi ya asidi. Ushauri huu ni ule ule kwa watoto wote. Kinachobadilika ni uharaka, na mara ngapi mtoto huyo arudishwe kuangaliwa.

Kuna watakaosema ni kelele nyingi kwa ajili ya meno yatakayong'oka yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 duniani wana uozo katika meno hayo hayo ya kung'oka, na mtoto asiyelala kwa maumivu hajali jino lake ni la muda gani. Katika hospitali nyingi za wilaya dawa ya jino hilo bado ni koleo. Ipo njia nyingine: myeyusho wa fedha na floraidi unaopakwa kwenye tundu kwa brashi ndogo, bila sindano wala kuchimba, ambao husimamisha uozo mwingi na uliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Haujali uozo ulianzia wapi, kwenye jeni au kwenye soda. Tatizo lake ni kwamba unaacha doa jeusi la kudumu pale ulipopakwa, na wazazi wengi hulikataa jino la mbele lipakwe. Kwa gego la nyuma hukubali.